Wanaongelea hisia kila jioni, na hisia hawana

Mwaka huu nimekirudia The Giver, kile kitabu cha Lois Lowry cha 1993, safari hii na binti wa dada yangu, yuko kidato cha pili. Tunasoma jioni vyombo vikishaoshwa, yeye anasoma kwa sauti mi nasikiliza, tukikuta neno gumu tunasimama tunalitafutia Kiswahili chake. Zamani nikiulizwa hicho kitabu kinahusu nini nilikuwa najibu kama wanavyojibu wengi, kwamba ni stori ya jamii iliyopiga marufuku hisia. Tulivyomaliza sura ya kwanza nikajua nilikuwa nakosea miaka yote. Hawa watu hawajakatazwa kuongelea hisia hata kidogo. Wanaziongelea kuliko familia yoyote ninayoijua.

Angalia wanavyofanya. Kila siku baada ya chakula cha jioni, Jonas, mvulana ambaye stori ni yake, mdogo wake Lily, baba na mama wanabaki mezani na kila mmoja anatoa hisia yake ya siku ile kwa zamu, ni utaratibu wa jamii nzima. Lily anasema leo kakasirika, kuna watoto wa jamii nyingine walikuja kutembelea kituo chao, mmoja akawa anaruka foleni wakati wenzake wanasubiri kimya, Lily akakunja ngumi. Wazazi hawamgombezi. Wanamuuliza kwa upole, unadhani kwa nini alifanya vile, labda kwao sheria ni nyingine, we ungejisikiaje ukiwa sehemu ngeni? Lily anafikiria kidogo, anasema namhurumia, na hasira imeisha. Baba anasema ana huzuni kuna mtoto mchanga pale anapofanya kazi hakui vizuri, wanamliwaza. Mama, yeye yuko idara ya sheria, kaletewa mtu aliyerudia kosa na anaogopa kwa ajili yake maana nafasi ya tatu hamna, wanamliwaza na yeye. Kisha Jonas. Wote wanne wamemaliza, meza safi, wanaenda kulala.

Ukisoma haraka unaona familia nzuri. Na kweli ni familia nzuri, hapo ndo penye kutisha. Hamna anayepiga kelele wala polisi mlangoni. Hisia inaletwa mezani, inapewa jina, inapanguswa pale pale, na kesho yake hamna anayeikumbuka. Kwangu mimi hiki ndo kitu ambacho Lowry alikiona na wengi waliokuja kuandika stori za namna hii hawakukiona. Kwamba unaweza kummaliza mtu hisia huku unamwachia aongee kila siku, mradi akiongea kila neno liwe dogo na kila kilio kiwe na mwisho wake kabla ya saa ya kulala.

Mtu ataniambia mbona kuna vidonge. Ni kweli vipo. Jonas anaota ndoto anataka kumuogesha rafiki yake Fiona kwenye ile nyumba ya wazee, asubuhi anaisimulia kama sheria inavyotaka, mama yake anamwambia hizo ni zile hisia za kupevuka, kunywa hiki kidonge, utakunywa kila asubuhi mpaka utakapoenda kuishi na wazee. Basi watu wakisoma hapo wanasema umeona, ni dawa. Lakini Lily je? Lily hajafika umri wa kidonge. Na Jonas mwenyewe ameishi miaka kumi na zaidi bila kukiona. Ila baadaye Jonas anachaguliwa kupokea kumbukumbu za zamani ambazo jamii nzima haina, anazipokea kwa mzee mmoja anayezibeba peke yake, ndo huyo The Giver, na akishapokea za vita na njaa na kufiwa, anamkumbuka mdogo wake na ile ngumi yake, anagundua kuwa Lily hakuwa na hasira siku ile, alikuwa na kijiudhi tu cha juu juu, na mama yake siku aliyosema ana huzuni hakuwa nayo. Walikuwa na majina ya vitu ambavyo hawajawahi kuvishika. Hicho hakikuletwa na kidonge, huyo mtoto hana kidonge.

Na mpangilio wa matukio unasema hivyohivyo, nimeukagua mara mbili. Sura ya 16 Jonas anapewa kumbukumbu ya familia moja sebuleni, moto unawaka, kuna mti wa Krismasi, watoto wanafungua zawadi na wazee wawili wamekaa pale pamoja nao, yeye hajui hata bibi na babu ni nini maana kwao wazazi wakishamaliza kulea wanahamishwa na mambo yanaishia hapo. Anauliza hii hali inaitwaje, anaambiwa ni upendo. Anaenda nyumbani anawauliza wazazi wake, mnanipenda? Baba anacheka, anamkumbusha kutumia maneno kwa usahihi. Mama anamwelewesha kuwa umetumia neno la jumla mno, limekosa maana, karibu halitumiki tena, ungeuliza kama tunakufurahia, au kama tunajivunia unayoyafanya, tungekujibu ndiyo. Jonas anasema nimeelewa, na kitabu kinatuambia huo ndo uongo wake wa kwanza kwa wazazi. Usiku anamnong'oneza yule mtoto mchanga Gabriel anayelala chumbani kwake kwamba mambo yangeweza kubadilika. Asubuhi yake, kwa mara ya kwanza, anakitupa kidonge. Kwa hiyo neno limekuja kwanza, kumbukumbu imekuja kwanza, kidonge kimefuata. Huwezi kusema aliacha dawa ndo akaanza kupenda. Ni kweli akishaacha vidonge hisia zinapanda zaidi, ila mlango ulikuwa umeshafunguka.

Hapo kwenye mnanipenda tulikaa karibu nusu saa na mtoto. Aliniambia, Mamdogo, lakini hata sisi tunasema napenda chipsi, halafu tunasema nampenda mama, neno ni hilo hilo. Nikamwambia haswa. Kwa kipimo cha yule mama, Kiswahili chetu kingefeli siku ya kwanza. Na bado hajawahi kutokea mtoto hapa akachanganyikiwa kama mama yake anampenda kama chipsi au vipi. Neno kubwa lina nafasi, watu wanaingia humo na maisha yao, na anayelisikia analijaza kwa anachokijua kuhusu wewe. Ukilikatakata neno kubwa kuwa maneno madogo, unanifurahia, unajivunia matokeo yangu, umepata usahihi kweli, ila kila kipande kinapimika na hamna kipande hata kimoja ambacho unaweza kufa kwa ajili yake.

Ndo maana kitabu kinaanza vile kinavyoanza. Sentensi za mwanzo kabisa, Jonas anaanza kuogopa, halafu anajikosoa, hapana, sio kuogopa, kuogopa ni siku ile ndege ilipopita juu yao bila ruhusa. Anazunguka anatafuta neno mpaka analipata, ni wasiwasi. Mara ya kwanza nilidhani ni mtoto mwangalifu tu. Sasa naona ameshafundishwa kuipunguza hofu yake mwenyewe kabla hajaifikisha mezani. Na rubani wa ile ndege je? Alikosea njia tu, bado yuko mafunzoni, na spika zikatangaza, kwa sauti yenye kejeli kidogo, kwamba ataachiliwa. Kuachiliwa. Msomaji hajui bado maana yake. Wala Jonas hajui.

Kuna habari ya mwandishi mwenyewe ambayo bila hiyo naona kitabu hakisomeki vizuri, aliisimulia kwenye hotuba yake alipopokea medali ya Newbery, tuzo ya Marekani ya vitabu vya watoto, mwaka 1994. Baba yake alikuwa daktari wa meno wa jeshi la Marekani, na baada ya vita vya pili vya dunia familia ikahamia Tokyo, Lois akiwa na miaka 11. Waliishi kwenye mtaa wa Wamarekani watupu, umezungushiwa uzio, kila kitu kimeletwa kifanane na kwao. Yeye akawa anatoka getini na baiskeli yake kwenda Shibuya kuona watu, kelele, harufu, rangi. Ukishajua hilo unaelewa Jonas katoka wapi na baiskeli katoka wapi. Ila kubwa ni la baba yake uzeeni. Alikuwa kwenye nyumba ya kulelea wazee, kumbukumbu zinamtoka, na ukutani kuna picha za mabinti zake. Anamwonyesha Lois picha ya dada yake, Helen, anauliza hivi huyu alipatwa na nini? Helen alikufa kwa kansa mwaka 1962, kijana kabisa. Wanamwambia baba, alikufa. Baada ya muda anauliza tena.

Sasa fikiria umekaa pale wewe ndo mwanae. Mzee hana maumivu, ametulia, binti aliyemzika hamuumizi tena. Na wewe unaona kilichoondoka pamoja na yale maumivu ni Helen mwenyewe. Lowry alikiri kwenye ile hotuba kuwa kusahau uchungu kunaleta nafuu, akajiuliza kama ni salama. Kitabu kizima kimetoka hapo. Sio kwa mtu anayewaza serikali mbaya na kamera barabarani, ni kwa mtoto aliyekaa na baba mzee na picha ukutani.

Na hapa Kiswahili kinanisaidia kuliko Kiingereza kilichoandikiwa hicho kitabu. Sisi tunasema uchungu. Uchungu ni wa jeraha, ni wa kufiwa, ni wa mama anayejifungua, na ni huo huo tunaoutumia tukisema fulani ana uchungu na nchi yake, ana uchungu na wadogo zake, yaani anawajali mpaka inamuuma. Hatuna maneno mawili pale. Wazee wetu waliosema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi hawakuwa wanaongelea leba peke yake. Sasa kwenye jamii ya Jonas kuna wanawake ambao kazi waliyopewa ni kuzaa, wanazaa watoto watatu, hawawaoni, halafu wanapelekwa kufanya kazi za sulubu mpaka wazeeke. Watoto wanalelewa kituoni mwaka mzima wakiwa na namba, ndo wanapewa jina na familia. Uchungu wa leba upo, ule mwingine umekatwa. Nilivyomweleza mtoto hivyo alinyamaza muda, halafu akauliza kama yule mama huwa anamtambua mwanae wakipishana njiani. Kitabu hakisemi. Hilo swali Lowry alilirudia mwaka 2012 kwenye kitabu cha nne cha mfululizo, Son, kinachomfuata mama mmoja wa hivyo, na naona ni haki yake alirudi.

Tufike sura ya 19. Nilijua inakuja, mi nimeshaisoma, nikawa na wasiwasi kama nimwache asome mwenyewe au nimtangulie. Nikamwacha. Jonas anataka kuona baba yake akimwachilia mtoto pacha, maana sheria haitaki watu wawili waliofanana, wanawapima uzito na mwepesi ndo anaondoka. Baba ni mtu mzuri jamani, tangu ukurasa wa kwanza ni mtu mzuri, ndo aliyeomba ruhusa Gabriel aje kulala nyumbani kwao maana alimuona hakui. Yuko pale kwenye rekodi anaongea na mtoto kwa ile sauti laini ya kuongea na vichanga, anachukua sindano, anamchoma kwenye mshipa wa kichwani, anamwambia anajua inauma. Mtoto anarusha mikono na miguu, anatulia. Baba anamweka kwenye boksi, analisukuma kwenye tundu la takataka, anamuaga kwa sauti ile ile.

Binti yangu aliacha kusoma. Hakulia. Aliweka kidole kwenye mstari ili asipotee, akanitazama. "Mamdogo, kwani baba yake hajui?"

Nimefikiria hilo swali wiki nzima. Anajua anachofanya, amefundishwa, anajua dozi na anajua mshipa. Na hajui. Neno analolijua ni kuachilia. Lile lingine lilikuwa kubwa mno, hamna aliyempa. Jonas naye anamuuliza mzee wake swali karibu na hilo, na anajibiwa kuwa hayo ndo maisha waliyotengenezewa, na kwamba Fiona, yule rafiki yake mpole wa nywele nyekundu, ameshaanza kufundishwa kuachilia wazee na anaifanya kazi vizuri. Mi nikisoma hapo ndo naona huyu mwandishi ni mkubwa, maana angeweza kumpa baba uso mbaya kidogo tu, kiburi kidogo, tukamchukia tukapumzika. Hakutupa.

Wengi waliokuja baadaye walitupa hiyo pumziko. Chukua Delirium ya Lauren Oliver, 2011. Upendo umetangazwa kuwa ugonjwa na kila mtu akifika miaka 18 anafanyiwa operesheni kichwani ya kumponya. Ni kitabu kizuri, kinasomeka usiku mmoja, binti anapenda kabla ya tarehe ya operesheni na unashika moyo. Ila ona uovu umewekwa wapi, uko kwenye kisu cha daktari, upande wa nje. Kabla ya kisu mtu mzima, baada ya kisu mtu baridi, na msomaji wa miaka 15 anajiambia mi sijafanyiwa operesheni kwa hiyo niko salama, hisia zangu zipo zote. Kwa Lowry huwezi kujiambia hivyo. Hamna tarehe ambayo Lily alikatwa kitu.

Muvi ya The Giver ya 2014 ndo iliniuma zaidi, maana wao walikuwa na kitabu mkononi. Phillip Noyce kaiongoza, Jeff Bridges ndo mzee mwenye kumbukumbu, Meryl Streep mkuu wa Wazee wanaoiongoza jamii. Mwanzo wake wa rangi nyeusi na nyeupe ni mzuri, rangi zikianza kuingia unaona kabisa Jonas anachokiona. Lakini wamemfanya Jonas kijana mkubwa kuliko wa kitabuni, na wakaweka kila mtu anapata dozi yake kila asubuhi kabla ya kutoka nyumbani. Inaonekana ni kitu kidogo ila imebomoa nguzo. Sasa kila kinachotokea kina jibu, baba amedungwa, mama amedungwa, Fiona akiacha dozi anaanza kuhisi, ni kama bomba limezibuliwa. Na kwa vile uovu umeshaingia kwenye dawa ilibidi apatikane mlinzi wa dawa, ndo Meryl Streep akapanuliwa kuwa adui, zikaletwa droni za kumfukuza mtoto jangwani. Kitabuni hao Wazee hawana hata mmoja wa kumchukia. Wanaomba radhi kila saa. Ukichelewa darasani unaomba radhi kwa maneno yaliyopangwa na darasa zima linajibu kwa maneno yaliyopangwa kuwa limekubali.

Halafu neno pole kule hamna, hilo nililigundua nikiwa natafsiri. Wana radhi, hawana pole. Radhi inafunga jambo, nimekosa, umekubali, tumemaliza. Pole haifungi kitu. Ukimwambia mtu pole hujakosa chochote na hujamwondolea chochote, umesema tu nimeiona na niko hapa. Kuna mtoto kule aliitwa Caleb, alizama mtoni akiwa na miaka minne. Jamii nzima ilikusanyika ikawa inataja jina lake siku nzima, mara chache zaidi na kwa sauti ndogo zaidi, mpaka likapotea. Kisha wazazi wakapewa mtoto mwingine, naye akaitwa Caleb, na watu wakaanza kulitaja tena kidogo kidogo kwenda juu. Kama yule wa kwanza anarudi. Nilivyosoma nikakumbuka tulivyomzika bibi yangu, nikiwa na miaka 12, nyumba imejaa, wamama wamelala kwenye mikeka mpaka ukumbini, kila anayeingia analia upya na tulionyamaza tunaanza tena. Siku ya tatu nilitamani waondoke. Sasa hivi mtu akiniuliza bibi alikuwa anapika nini nitamwambia, na alikuwa anavaa kanga gani siku za Ijumaa nitamwambia, na nimeyajua mengi kwa wale wamama, waliyasema usiku wakiwa wamelala chini wakidhani watoto tumesinzia.

Kitabu kina udhaifu, sikatai. Hizo kumbukumbu zinahamaje kwa kuwekewa mikono mgongoni, kwa nini mtu mmoja akiondoka zinawarudia wengine wote, ukikaza sana swali jibu hupati. Na lile jambo la macho ya rangi hafifu, kwamba wenye uwezo wa kupokea wanazaliwa nao, silipendi, linafanya uwezo wa kuumia kuwa kipaji cha wachache. Wazazi na shule kadhaa Marekani miaka ya 90 walikipinga sana hicho kitabu, kilikuwa kwenye orodha za vitabu vinavyoongoza kwa kulalamikiwa, wengine kwa sababu ya hiyo sindano. Naelewa mzazi anayetaka kumkinga mtoto na ukurasa ule. Mi mwenyewe nusura nimkinge.

Tulimaliza juzi. Mwisho wake unajulikana kwa kubishaniwa, Jonas na Gabriel kwenye theluji, kigari cha kuteleza, taa chini, muziki, hujui wamefika au wanakufa kwa baridi. Nilidhani mtoto atang'ang'ania hapo, niko tayari nimwambie kuna vitabu vingine vinajibu. Hakuuliza. Alirudisha kurasa nyuma mpaka pale Jonas anapomsihi mzee watoroke wote wawili. Mzee anakataa, kumbukumbu zikiwarudia watu watachanganyikiwa, kila mmoja ataumwa kitu asichokijua, itabidi awepo mtu anayekijua. Na kuna sababu ya pili. Miaka kumi nyuma alimfundisha msichana anayeitwa Rosemary, wiki tano tu, msichana akashindwa kuubeba ule uchungu akaomba kuachiliwa, na sindano akajichoma mwenyewe. Mzee anasema kazi yake ikiisha anataka kwenda kuwa na binti yake. Jonas hakuwa anajua kama ana binti. Ndo anamwambia jina.

Aliusoma huo ukurasa kwa sauti, akafika kwenye jina, akalirudia. Rosemary. Akanyamaza, halafu akasema, "Kumbe miaka yote ile alikuwa anakaa nalo peke yake."